Mteja anadai picha zote nilizopiga pamoja na faili ghafi: je, nimkabidhi?

Nuru ya Dirishani ameuliza:

Ndugu zangu wapiga picha, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku kadhaa. Huu ni mwaka wangu wa nne katika kazi ya kujitegemea, na sehemu kubwa ya kazi zangu ni harusi, hafla za familia na picha za sura. Miezi miwili iliyopita nilipiga picha za harusi moja tangu bibi harusi alipokuwa akivishwa hadi wageni walipoagana usiku. Nilirudi nyumbani na picha 2,140 katika kadi mbili. Baada ya kuzichuja mara tatu na kuhariri zilizobaki, nilimkabidhi bibi harusi picha 420 kupitia kiungo cha kupakulia, naye akanishukuru kwa maneno mazuri na kumaliza deni lake siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita aliniandikia kwamba anataka picha zote nilizopiga siku ile, pamoja na faili ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilimweleza kwamba zilizobaki ni za macho yaliyofumba, za marudio, za majaribio ya flashi na za watu waliokatiza mbele ya lenzi. Alinijibu kwamba alinilipa kwa siku nzima, kwa hiyo kila kilichopigwa siku hiyo ni mali yake. Hatukuwa na mkataba rasmi. Tulikubaliana kwa ujumbe wa simu tu, nami katika ujumbe huo niliandika kwamba nitamkabidhi "picha zilizohaririwa", bila kutaja idadi na bila kusema lolote kuhusu zitakazobaki.

Naomba mnielewe kwamba kuzituma si kazi ngumu. Ni suala la saa chache za intaneti. Kinachoniuma ni kingine. Siku ya harusi nilisimama kwa saa 11, lakini kuchuja kulinichukua siku mbili na kuhariri siku nne, na hapo sijahesabu barua, ankara, kusafisha vifaa na kuhifadhi nakala. Ninapochuja hukaa peke yangu mbele ya kompyuta, nikizipitia picha moja baada ya nyingine, nikijiuliza ni ipi kati ya saba zinazofanana iliyobeba kile nilichokiona pale nilipobonyeza. Mara nyingine tofauti ni ukope tu, au vidole vya mama vilivyolegea juu ya bega la mwanawe. Aliyeajiriwa na gazeti ana mhariri wa picha wa kumwambia "hii ndiyo". Sisi tunaojitegemea hatuna mtu wa namna hiyo, na kwa kweli hicho ndicho kinachonichosha zaidi katika kazi hii, kuliko hata mgongo na miguu. Nikimkabidhi zile 1,720 nilizoziacha, nahisi nitakuwa nimekiri kwamba zile siku mbili hazikuwa kazi.

Basi nauliza: kisheria, picha hizi ni za nani? Na ninyi wenzangu hufanya nini mnapoombwa hivi?

Taa Nyekundu amejibu:

Ndugu Nuru, pole kwa mzigo huo, nami nitaanza na lile la mwisho, kwa sababu suala la sheria wapo humu wanaolijua kuliko mimi.

Nimefanya kazi hii tangu enzi za filamu, wakati mkanda mmoja wa milimita 35 ulikuwa na nafasi 36 na kila bonyezo liligharimu fedha. Wakati huo sehemu kubwa ya uteuzi ilifanyika kabla ya kubonyeza. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Alimpanga mteja mkono, uso, vazi na kitambaa cha nyuma, akausubiri utulivu, kisha akabonyeza. Mteja wake hakuwa na "picha zote" za kudai. Kamera za kidijitali ziliuhamisha uteuzi huo kutoka studio, mbele ya macho ya mteja, hadi chumbani mwako usiku wa manane, na ndiyo sababu mteja wako haoni kazi yoyote pale. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kwa hiyo usimhukumu kwa haraka kwamba amekudharau.

Mimi sikabidhi zilizoachwa, na msimamo huu sijaubadilisha kwa miaka mingi. Mtu akitazama picha zangu anapaswa kuona nilichochagua kumwonyesha, kwa maana jina langu liko pale. Mfano wa Vivian Maier hunijia mara nyingi ninapolifikiria jambo hili. Alikuwa mlezi wa watoto mjini Chicago, akapiga picha za mitaani kwa miaka mingi bila kuzionyesha hadharani, na alipofariki mwaka 2009 aliacha nyuma yake negativu (vipande vya filamu ambavyo picha huchapishwa kutoka kwavyo) zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa hazijawahi kuchapishwa. Leo anasifiwa duniani kote, na anastahili sifa hizo. Hata hivyo, picha nyingi tunazozijua zilichaguliwa na watu wengine. Ni zipi angezitoa yeye, na ni zipi angezificha kwa aibu? Hilo alikwenda nalo.

Lakini niruhusu nikutahadharishe pia usiliamini mno chujio lako. Katika miaka ya 1930 nchini Marekani, Roy Stryker alisimamia kitengo cha picha cha Resettlement Administration, idara ya serikali ambayo mwaka 1937 iligeuzwa kuwa Farm Security Administration. Alikuwa na desturi ya kuzitoboa tundu kwa mashine negativu alizozikataa, ili zisiweze kuchapishwa tena. Wapiga picha wake walilalamika, na baadaye aliiacha desturi hiyo. Zile zilizotobolewa zimehifadhiwa katika Library of Congress, na unaweza kuona duara jeusi likiwa limekaa juu ya shamba, juu ya mlango, wakati mwingine juu ya uso wa mtu kabisa. Stryker alikuwa mtu makini aliyejua anachokitafuta, na pengine ndiyo sababu hakuona kwamba mtu mwingine, kwa wakati mwingine, angetafuta kitu tofauti katika picha zile zile.

Kwa hiyo mimi huweka zilizoachwa kwa mwaka mzima kabla ya kufuta chochote, isipokuwa zile zilizoharibika kabisa. Mara mbili katika maisha yangu mteja amerudi kuuliza kuhusu mtu fulani aliyekuwepo siku ile, nami nikamkuta mtu huyo katika picha nilizoziacha kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga ulikuwa mbaya kweli. Mteja hakujali.

Kifungu cha Saba amejibu:

Nitajibu upande wa sheria kwa ufupi, nikikumbusha kwamba sheria za nchi hutofautiana, na kwamba ushauri wa wakili wa mahali ulipo hauna mbadala.

Msingi wa kimataifa ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao baada ya marekebisho yake unazitambua picha kama kazi zenye hakimiliki, na ulinzi huo huanza pale kazi inapoundwa bila kuhitaji usajili. Katika nchi nyingi mwenye haki wa kwanza ni aliyepiga picha, hata kama amelipwa kuipiga, isipokuwa kama ni mwajiriwa au kama mkataba umesema vinginevyo. Hapa ndipo kujitegemea kunapoleta tofauti kubwa. Dorothea Lange alipompiga picha yule mama mhamaji kule California mwaka 1936, picha ambayo karibu kila mtu ameiona, alikuwa akifanya kazi katika idara hiyo hiyo aliyoitaja Ndugu Taa Nyekundu, na kwa sababu hiyo picha ikawa ya serikali. Hakimiliki haikuwa yake. Mwaka 1947, Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walipoanzisha ushirika wa Magnum Photos, moja ya shabaha zao kuu ilikuwa kwamba haki za picha zibaki kwa wapiga picha wenyewe na si kwa majarida yaliyowatuma kazi.

Hata hivyo, usimwambie mteja wako kwamba sheria iko upande wako kabla hujaisoma ya nchi yako. Uingereza, kwa mfano, chini ya sheria ya mwaka 1956 hakimiliki ya picha iliyoagizwa na kulipiwa ilikuwa ya mwagizaji. Sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyoihamishia kwa mpiga picha, na ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1989. Sheria hiyo hiyo ilimwachia mwagizaji wa picha za kifamilia haki ya kuzuia zisitolewe hadharani. Maana yake ni kwamba picha inaweza kuwa yako na bado usiruhusiwe kuibandika kwenye tovuti yako bila idhini ya bibi harusi. Wapiga picha wengi husahau upande huu.

Jambo la mwisho ni kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, kilichoongezwa mwaka 1928, kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mtunzi na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Faili ghafi ikihaririwa na mtu mwingine vibaya kisha ikasambazwa kwa jina lako, hilo si jambo dogo. Lakini kuzuia kabla ni rahisi kuliko kudai baadaye.

Albamu ya Nyumbani amejibu:

Mimi si mpiga picha, ila nimewahi kuwa upande wa pili wa jambo hili, na naomba mniruhusu niseme.

Nilipoolewa, mimi pia nilimwomba mpiga picha wetu atupe kila kitu. Sikuwa na nia ya kudharau kazi ya mtu. Siku ya harusi yako huioni. Unashikwa mkono huku na kule, unasalimiwa na watu mia, na jioni unakumbuka vipande tu. Kisha mtu anakuletea picha 300 nzuri sana, na unagundua kwamba siku yako unaijua kupitia picha hizo peke yake. Ukisikia kwamba ziko nyingine 1,500 zimekaa mahali, unahisi kwamba sehemu ya siku yako iko kwenye kabati la mtu mwingine. Huwezi kujua kama ni takataka, kwa sababu hujaziona.

Mpiga picha wetu alikataa katakata na akanitumia barua ndefu kuhusu hakimiliki. Alikuwa sahihi, nadhani. Ila hakuniuliza swali ambalo lingemaliza yote: ulikuwa unatafuta nini? Ningemjibu mara moja kwamba nilikuwa namtafuta shangazi yangu aliyekaa safu za nyuma na ambaye hakuonekana katika picha hata moja. Barua ile nimeihifadhi hadi leo, na kila nikiisoma nahisi kama mtu aliyebisha hodi kuomba maji akasomewa hati ya kiwanja.

Kwa hiyo, Ndugu Nuru, kabla ya kukubali au kukataa, muulize.

Nuru ya Dirishani amejibu:

Nawashukuru wote kwa dhati, na hasa Albamu ya Nyumbani, kwa sababu nilifuata ushauri huo jana asubuhi. Badala ya kuandika, nilimpigia simu bibi harusi na kumuuliza alikuwa na mpango gani na picha hizo.

Jibu lake sikulitarajia hata kidogo. Anataka kuchapisha picha mbili kubwa za kutundika ukutani, moja akiwa na mumewe na moja akiwa na wazazi wake. Alizipeleka kwa mchapishaji, naye akamwambia kwamba picha hizo ni ndogo mno, zitatoka na ukungu, na kwamba amwombe mpiga picha "zile za asili". Yeye akaelewa kwamba za asili ni zile ghafi, na kwamba zimo miongoni mwa nilizozificha. Hasira yake yote ilitokana na kudhani kwamba nimempa nakala duni na kujiwekea zilizo bora.

Nikafungua folda niliyomtumia, na moyo ukanishuka. Nilikuwa nimempa picha zilizopunguzwa hadi pikseli (nukta zinazounda picha) 2,048 kwa upande mrefu, ukubwa ninaoutumia kwa ajili ya kutazama kwenye simu. Folda ya ukubwa kamili niliiandaa lakini sikuituma. Kosa ni langu mwenyewe. Wiki nzima nimekuwa nikijitetea moyoni dhidi ya dai ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya haki. Nilimwomba radhi, nikamtumia picha zote 420 katika ukubwa kamili jioni hiyo hiyo, na zile mbili nimezihariri upya kwa ajili ya karatasi bila malipo.

Pamoja na hayo, bado ananiuliza kuhusu faili ghafi, ingawa sasa kwa upole. Mume wake anasema ni vizuri kuwa nazo "kwa ajili ya baadaye". Nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kuziona?

Kivuli Laini amejibu:

Hilo la pikseli limewapata wengi, Ndugu Nuru, na umefanya vyema kulitengeneza siku hiyo hiyo. Hesabu yake nakuwekea hapa ili uweze kumwonyesha mteja mwingine siku nyingine. Uchapishaji mzuri wa kutazamwa kwa karibu huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye pikseli 2,048 kwa upande mrefu inatosha sentimita 17 tu kwa kiwango hicho. Picha kamili ya kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli 6,000 kwa 4,000, inafika karibu sentimita 51 kwa 34, na kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka hatua kadhaa unaweza kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kuhusu faili ghafi, mweleze kwanza kwamba haina pikseli nyingi kuliko picha ya JPEG, yaani faili ya kawaida ya picha, ya ukubwa kamili iliyotokana nayo. Kinachozidi ni kina cha toni: JPEG ya kawaida huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati faili ghafi ya biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Ngazi hizo za ziada ndizo zinazokuwezesha wewe kuokoa gauni jeupe lililopigwa na jua kali au kuufungua uso ulio kivulini. Kwa asiyehariri hazina faida. Faili hiyo huhitaji programu maalumu kuifungua, kila kampuni ya kamera ina mfumo wake, na ikifunguka huonekana imepauka, bila ile rangi ya ngozi uliyoitafuta kwa siku nne. Nimeona njia moja inayofanya kazi kuliko maelezo yote: mwalike mteja akae nawe kwa nusu saa, umfungulie faili ghafi moja ya picha anayoipenda, umpitishe hatua kwa hatua hadi ilipofikia. Sijawahi kuombwa faili ghafi tena na mtu aliyekaa kwenye kiti hicho. Na umwonyeshe zile saba zinazofanana pia, umwache achague mwenyewe kabla hujamwambia uliyoichagua wewe. Wengine huchagua ile ile. Wengine huchagua tofauti na kukupa sababu ambayo hukuwa nayo, na kwa sisi tunaofanya kazi peke yetu hiyo ni nafasi adimu ya kusikia jicho la mwingine.

Hilo la "kwa ajili ya baadaye" lina jibu jingine. Mume anaogopa picha kupotea, na ana haki ya kuogopa. Mwambie unahifadhi nini na kwa muda gani, na umshauri awe na nakala tatu, katika aina mbili tofauti za hifadhi, moja ikiwa nje ya nyumba yake.

Mimi nilipoteza mteja mmoja mzuri kwa ugomvi wa aina hii kabla sijaanza kuandika mkataba. Sasa kila kazi, hata ya saa moja, ina ukurasa mmoja wenye sentensi hizi, na unaweza kuzichukua kama zilivyo kisha ukamwonyesha wakili: "Mpiga picha atachagua picha zitakazokabidhiwa, zisizopungua idadi iliyotajwa hapa. Picha zitakabidhiwa zikiwa zimehaririwa, katika ukubwa kamili. Faili ghafi na picha zisizochaguliwa hazimo katika makubaliano haya. Mteja anaweza, ndani ya siku 60, kuomba mpiga picha atafute mtu au tukio mahususi katika picha zisizochaguliwa, na mpiga picha atazitafuta bila malipo."

Sentensi ya mwisho niliiongeza mwaka jana. Hadi sasa wameitumia wateja wanne, na watatu kati yao walikuwa wanamtafuta mtu wa familia aliyekaa nyuma.

Nuru ya Dirishani amejibu:

Nimezinakili zote, Ndugu Kivuli, ila siku 60 nitazifanya mwaka mmoja, kama anavyofanya Ndugu Taa Nyekundu. Bibi harusi na mumewe watakuja Jumamosi kukaa kwenye hicho kiti. Nimeanza kuandaa zile saba.